X Mbili kwenye Banda la Mama

Yule kijana aliyekuja kuchora X kwenye banda la mama alipiga hodi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, akaomba maji ya kunywa, akamaliza kopo zima amesimama pale pale penye jiko la mihogo, akashukuru. Ndipo akachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuchora X ukutani, kubwa, mkono wake hautetemeki. Pembeni akaandika namba. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alimtazama mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Rangi imebaki, mwanangu. Na huku nyuma je? Wakija kwa upande wa baharini hawataiona."

Kijana akafikiri kidogo. Akazunguka, akachora na huko.

Sisi ni watu wa Mikindani. Banda lenyewe ni la chai, vitumbua na mihogo ya kukaanga, kando ya barabara inayotoka Mtwara mjini kwenda Lindi, na siku hiyo ndiyo tuliyoambiwa kwamba limo ndani ya hifadhi ya barabara, na X maana yake litavunjwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kuficha chini ya godoro. Mchana nilicheka ile X ya nyuma mpaka mbavu zikauma. Usiku nililia, kwa sababu ada za wadogo zangu wawili zilikuwa zinatoka kwenye lile karai la mafuta.

Miaka miwili baadaye, enzi zile za gesi, Mtwara ikajaa wageni. Vyumba vilipanda bei, na mtu yeyote mwenye uwezo wa kusema "good morning" bila kukwama alipata kazi. Mimi nikapata mapokezi kwenye nyumba ya wageni Shangani. Mgeni mmoja aliondoka alfajiri akasahau kitabu chooni, hakina jalada, kimevimba kwa unyevu kama andazi. Utaratibu ulikuwa kitu cha mgeni kikae kabatini miezi mitatu. Nilikaa nacho siku tatu.

Kiingereza changu kilikuwa cha kuuliza mtu atalala siku ngapi. Nikaanza kusoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa usiku mmoja. Ukurasa wa kwanza sikuuelewa, wa pili vile vile. Baadaye nikafika mahali ambapo mtu anaamka asubuhi, anakuta nje katapila la njano limekuja kuvunja nyumba yake ili barabara ipite. Analalamika kwamba hakuambiwa. Wakubwa wanamjibu kwamba ramani zilibandikwa muda mrefu, kosa ni lake, hakwenda kuzisoma. Ukija kuuliza zilibandikwa wapi, zilikuwa ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, kabati lenyewe limo kwenye choo kisichotumika, na mlangoni pameandikwa mtu ajihadhari na chui.

Niliweka kitabu chini. Nikatoka nje nikasimama barazani, usiku wa manane, nacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja na rungu.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Nyumba ikishavunjwa tu, vinakuja vyombo kutoka angani kuivunja dunia nzima, nayo inapisha barabara, ya angani. Watu wakipiga kelele, wanaambiwa vile vile: ramani zilibandikwa, tena miaka 50, kwenye ofisi iliyoko nyota nyingine, kwa nini hamkwenda? Nikamwona yule kijana wetu na kopo lake la rangi, safari hii amevaa kofia ya chuma, anapiga hodi kwenye dunia, anaomba maji kwanza.

Kitabu hicho ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, mwandishi wake Mwingereza Douglas Adams. Nilipopata simu yenye intaneti nilianza kumfuatilia kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Alizaliwa Cambridge mwaka 1952, akasoma huko huko, akataka kuandika vichekesho. Vichekesho havikumtaka. Alifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, ya kujenga mabanda, ya kusafisha mabanda ya kuku, hata ya kulinda mlangoni kwa familia moja tajiri ya Qatar. Mwaka 1976 alirudi kuishi kwa mama yake, mtu mzima mwenye digrii. Hapo nilisoma mara mbili. Mimi pia wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama, maana kelele za gesi zilipopungua na wageni walipungua, na mapokezi hayana kazi pasipo na wa kumpokea.

Halafu nikagundua kwamba kile kitabu hakikuanza kuwa kitabu. Kilianza kama mchezo wa redio, BBC, tarehe 8 Machi 1978, na kitabu kikafuata Oktoba 1979. Redio! Mimi nimekulia kwenye redio. Kwetu watu walikuwa wanakaa kimya kabisa kusubiri vichekesho, na aliyekohoa alitolewa nje.

Nikasema basi, na mimi naandika.

Hadithi zangu za kwanza zilikuwa mbaya, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Niliandika mambo ya sayari zenye majina ya kutisha, makamanda, bunduki za mwanga. Mhusika wangu mkuu alikunywa chai akiwa amevaa joho la kulalia, kwa sababu mhusika wa Adams ana joho la kulalia. Mtwara hii, yenye joto hili, sijawahi kumwona mwanamume na vazi hilo. Nilizisoma kwenye kikundi cha simu cha watu tuliosoma pamoja. Mmoja akaweka alama ya dole gumba. Mwingine akauliza kama kuna mtu anauza kiwanja.

Aliyenifungua ni mjomba. Mjomba wangu ni mchongaji, fundi wa mpingo, na kazi yake hasa ni mashetani, yale ya Kimakonde yenye jicho moja, mdomo umehamia tumboni, mguu umeota mahali pa sikio. Nilimsomea hadithi ya kamanda wa sayari. Alisikiliza mpaka mwisho, patasi mkononi, hakucheka hata pale nilipomngojea acheke.

"Huyu ntu wako," akasema, "umemwona?"

"Mjomba, ni wa kutunga."

"Na huyu je?" Akaninyanyulia shetani aliyekuwa anamchonga, masikio kama ya sungura, vidole vitatu. "Huyu nnamjua. Anapenda mihogo mibichi. Akikaa, anakaa upande. Ukimwuliza habari, anajibu habari ya jana." Akarudi kupiga patasi. "Wewe ntu wako hana njaa, hana shemeji, hadaiwi. Nimcheke kwa lipi?"

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa msibani. Mama mkubwa alifariki, na watani wetu wakaja kama ada. Kaburi lilipokuwa tayari, mtani mmoja mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, akashuka akajilaza humo ndani, akakunja mikono kifuani, akasema yeye amewahi, marehemu atafute pengine, au apewe kwanza elfu tano ya usumbufu. Alisema hivyo kwa uso wa karani wa ardhi. Hakutabasamu. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatiririka, pesa ikachangwa, na mtani akatoka, akajikung'uta mchanga, akawa wa kwanza kushika jembe. Njiani kurudi mjomba aliniambia, "Umeona? Kama yule angecheka mwenyewe, tungempiga."

Nikarudi nikachana daftari zima.

Wakati huo nilikuwa nimepata kibarua cha msimu, ukarani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Tandahimba. Asiyejua ukarani wa korosho nimweleze kidogo, maana ndiko nilikozaliwa kama mwandishi. Mkulima analeta mzigo, tunaangalia ubora, tunapima unyevu, tunapima uzito, anapewa stakabadhi, korosho zinaingia ghala kuu kungoja mnada. Kila hatua ina karatasi, na kila karatasi ina mtu wake, na mtu huyo leo ametoka kidogo. Mkulima anangoja juu ya gunia. Jua linamhama kutoka bega moja kwenda jingine. Sikuwahi kusikia mtu akitukana. Watu walikuwa wanaulizana kwa upole kabisa, "Hivi yule mwenye muhuri ni mtu kweli au ni habari tu?"

Basi nikaandika hadithi ya wageni kutoka nyota ya mbali wanaotua uwanja wa ghala mwezi wa kumi, msimu umechanganya. Wamekuja kuiteka dunia. Mlinzi anawauliza gari lao namba ngapi. Mkuu wao anadai kuonana na mtawala wa sayari hii. Karani, ambaye ni mimi, anamwambia akae foleni nyuma ya yule bibi mwenye kanga ya njano. Wanapofikiwa, chombo chao kinapimwa unyevu, kinakutwa kimezidi, wanashauriwa wakakianike. Wakija mara ya pili wanadaiwa barua ya mtendaji wa kijiji. Mara ya tatu mtu mmoja anawanong'oneza kwamba wanaonekana kama watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa vikombe mafichoni, na hapo wanaingiwa na woga wa kweli. Msimu unaisha. Wanaruka kurudi kwao na kuandika ripoti ya sentensi moja: sayari hii haitekeki, mhusika yuko safarini.

Hiyo sikuisoma kwenye kikundi. Niliwasomea wakulima, foleni ya Jumanne, mashine ya kupimia imezima betri. Sikucheka. Niliisoma kama ninavyosoma orodha ya waliolipwa. Nilipofika kwenye unyevu mzee mmoja alianguka kutoka kwenye gunia lake.

Kutoka hapo ikawa redio. Ilikuwa redio ndogo ya mkoani, nitaiacha bila jina kwa sababu mpaka leo wananidai urafiki na mimi nawadai pesa. Dakika kumi, kila Ijumaa jioni. Malipo yalikuwa elfu kumi kwa kipindi, na mara nyingi elfu kumi hiyo ilikuja kama vocha ya simu, na mara nyingine ilikuja kama salamu. Kama kuna kijana anasoma hapa akiwa na ndoto za namna yangu, nilibaki karani misimu yote hiyo. Vitumbua vya mama vimeilisha fasihi ya Tanzania kuliko fasihi ilivyowahi kuvilisha vitumbua.

Na kuchelewa! Adams alikuwa bingwa wa kuchelewa duniani. Alikuwa akisema anazipenda siku za mwisho za kukabidhi kazi, hasa mlio wake zinapompita. Mwaka 1984 kitabu chake cha nne kilichelewa mpaka mhariri wake, Sonny Mehta, akahamia naye hotelini London na kumlinda wiki kadhaa ili aandike. Nilipolisoma hilo nilijiona nina kipaji sawa naye. Mtangazaji wetu hakuwa na hoteli. Alinifungia stoo ya vifaa, kati ya feni mbovu na mabango ya uchaguzi uliopita, akaniachia chupa ya chai. Umeme ukikatika, ambao kwetu hukatika bila kuuliza, nilimalizia kwa mwanga wa simu. Kipindi kinachosifiwa zaidi, cha roboti anayekwenda jando, niliandika mle kwa dakika 40 nikiwa nahitaji sana kwenda chooni. Vipindi nilivyoandika wiki nzima kwa utulivu hakuna anayevikumbuka.

Lakini kuna jambo la Adams ambalo lilinisaidia kuliko hoteli. Alipokuwa na miaka kama kumi, shuleni Brentwood, mwalimu mmoja aitwaye Frank Halford alimpa kumi kwa kumi kwenye insha. Mwalimu huyo hakuwahi kumpa mwanafunzi mwingine alama hiyo maisha yake yote ya kazi. Adams, hata alipokuwa tajiri na maarufu, akikwama hajui aandike nini, alikuwa anajikumbusha ile kumi. Mimi mwalimu wangu wa Kiswahili aliniandikia kwa wino mwekundu: "Insha nzuri lakini haiwezekani. 6." Nimeitunza. Nikikwama naitoa, naisoma ile "haiwezekani", napata hasira, naandika.

Jibu maarufu kuliko yote la Adams ni namba. Kwenye kitabu chake kompyuta kubwa inaulizwa maana ya maisha na kila kitu, inafikiri mamilioni ya miaka, inajibu: 42. Watu walimfuata mpaka mwisho kumwuliza siri yake. Alisema hakuna siri, alikaa mezani akatazama bustanini, akaona 42 itafaa. Nilipoandika kipindi cha banda la mama, namba ya pembeni ya X niliibadilisha nikaweka 42. Mtwara nzima hakuna aliyeshtuka, nikaona nimejifurahisha peke yangu. Ijumaa iliyofuata mtangazaji akawa anasoma ujumbe wa wasikilizaji hewani, akafika kwenye mmoja, akakunja uso: "Huyu wa Nachingwea ameandika neno moja tu, 'Taulo'. Nafikiri alikuwa anamtumia mkewe." Msafiri wa Adams, yule wa kuomba lifti angani, hatakiwi kamwe kusahau taulo lake. Nilishika mdomo kwa mikono miwili pale studio. Kuna mtu Nachingwea. Sijawahi kumjua, lakini tangu siku ile naandika nikijua tuko wawili.

Sasa nifike kwenye kipindi kilichonibadilisha.

Mkoani Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba hapo mifupa ya mijusi wakubwa walioishi miaka milioni 150 iliyopita, zaidi ya tani 200. Mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13. Mimi nikaona hapa pana kichekesho kilichopikwa tayari. Nikaandika mjusi anachoka Berlin, anarudi nyumbani kwa meli, anashuka bandari ya Lindi, anaulizwa aliondoka nchini kwa kibali gani. Anaulizwa umri. Akiutaja, karani anasimama kwa heshima: wazee hawapangi foleni, pita dirisha la pembeni. Dirishani shingo haipiti. Anadaiwa barua ya mtendaji. Anasema alipoondoka kijijini mtendaji alikuwa bado hajaumbwa. Mwisho anatozwa ushuru wa kuingiza mifupa iliyotumika.

Simu zilipigwa nyingi, watu wanacheka. Moja haikucheka. Mzee mmoja wa upande wa Lindi, sauti ya taratibu, alinisalimia, akanisifu, akauliza, "Mwanangu, wale waliombeba mpaka bandarini wamo kwenye hadithi?"

Hawakuwamo. Mifupa ile ilitoka Tendaguru mpaka Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mamia ya watu, safari baada ya safari, miaka minne. Wachimbaji walisimamiwa na mtu wa huku huku, Boheti bin Amrani. Nilikuwa nimesoma hayo yote wakati naandaa kipindi. Nikayaacha kwa sababu sikuona pa kuchekea. Mzee akasema babu yake alikuwa mmoja wao, akashukuru tena, akakata.

Wiki ile sikuandika kwa dakika 40. Niliandika siku sita. Ijumaa mjusi akarudi bandarini, akakuta kwenye dirisha la malipo foleni ya wapagazi, mizigo imetuliwa pembeni, wamesimama tangu 1912, wanaulizana kwa upole kama mwenye muhuri ni mtu kweli au ni habari tu. Mjusi akaulizwa anataka kupita mbele kwa ajili ya umri. Akasema hapana, hawa wamenitangulia. Akainamisha shingo, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Basi. Hapakuwa na kichekesho cha kufungia. Mtangazaji alinyamaza mpaka nikadhani mitambo imezima.

Baada ya hapo ndipo nilipoacha kumshangaa Adams kwa jambo ambalo zamani lilinichanganya. Mwaka 1985 alipelekwa Madagaska kumtafuta mnyama mmoja adimu wa usiku, akaandike makala, akarudi ameguswa moyo. Akazunguka dunia na mtaalamu wa wanyama, Mark Carwardine, kutafuta wale walio karibu kutoweka, na mwaka 1990 wakatoa kitabu. Na mwaka 1994 alikuja kwetu. Mtu wa karibu mita mbili, milionea wa vichekesho, alivaa vazi la faru njiani kuelekea Kilimanjaro, kwenye msafara wa kuchangisha fedha za kuokoa faru. Zilipatikana kama pauni 100,000, sehemu yake ikaja kwa faru weusi wa Tanzania. Nikimfikiria amevaa lile furushi kwenye jua letu, hacheki, anaeleza kwa uso mkavu kwamba faru wanakwisha, namwona mtani wetu mwenye ndevu nyeupe amelala kaburini.

Alifariki California tarehe 11 Mei 2001, moyo ulisimama akitoka kufanya mazoezi. Alikuwa na miaka 49, na kitabu kingine nusu mezani, kimechelewa kama kawaida yake. Nilipomweleza mama habari hizo alikuwa anageuza vitumbua. Akasema, "Maskini. Na nyumba ya yule mtu wake, walimjengea nyingine?" Nikamwambia dunia nzima ilivunjwa, mama, hakuna aliyejengewa. Akatikisa kichwa, akasema angalau hawakubaguana.

Banda letu halijavunjwa. Barabara ilipokuja ikapita kwa upande wa pili kidogo, au pesa iliisha, au mwenye kopo la rangi alihamishwa kituo. Hakuna aliyekuja kutuambia chochote. Mwaka jana nilipata fedha kidogo za msimu nikamleta fundi apige lipu upya na rangi ya maji ya bahari. Niliporudi jioni ukuta wote unang'aa, isipokuwa mahali pawili, mbele na nyuma, fundi ameizunguka ile X vizuri kabisa kama mtu anayepaka rangi fremu ya dirisha. Nikamwuliza kulikoni. Akaelekeza kidole kwa mama.

Mama alikuwa kwenye mbuzi yake, anakuna nazi. "Iache," akasema bila kuinua uso. "Wakirudi wasije wakasema hatukuisoma."